Treni ndogo na mwendo wa kutambaa: urekebishe nini kwanza, ununue nini baadaye

Kichwa cha treni halisi kinapopanga mabehewa stesheni hutembea kama kilomita 5 kwa saa. Ukiushusha mwendo huo hadi kipimo cha HO, yaani 1:87, unapata milimita 16 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ya reli inamalizika kwa dakika moja na sekunde kadhaa. Kwa kipimo cha N, 1:160, kichwa hakifikishi hata milimita 9 kwa sekunde, na mita ile ile inakaribia dakika mbili. Kwenye kasi karibu treni zote ndogo zinapendeza. Ukizipunguza hadi mwendo huu, nyingi huanza kushtuka, kusuasua, hata kugoma mpaka uzisukume kwa kidole.

Suluhisho zinazopendekezwa ni nyingi na kila moja ina mashabiki wake: kidhibiti kipya, mfumo wa dijitali, kapasita ndani ya kichwa, mota bora, gia nyingine, betri. Zote zinafanya kazi, ila kila moja inatatua jambo lake. Mimi nimeshikilia kwamba zaidi ya nusu ya kazi ni kuufikisha umeme kwenye mota bila kukatika. Mtu asipoanzia hapo, ataishia kununua vifaa ghali kwa ajili ya tatizo la vumbi.

Tazama kinakwama wapi

Usichague chochote kabla ya kukiangalia kichwa kikitembea polepole kabisa, ukiwa umeinama macho yako yawe usawa wa reli. Kikikwama mahali pale pale kila kinapopita, kosa liko kwenye reli: kiungo kilicholegea, kipande kisichopata umeme, au pointi, yaani pale njia inapogawanyika. Kikikwama ovyo, mara hapa mara pale, shaka iangukie uchafu na magurudumu yasiyoshika umeme. Zima taa ya chumba, na kama kuna cheche ndogo za buluu chini ya magurudumu umeshapata jibu.

Kuna hali ya tatu ambayo wengi huichanganya na hizo mbili. Weka nukta ndogo ya rangi kwenye ukingo wa gurudumu moja linaloendeshwa na mota, kisha kitambaze kichwa. Ukiona kinasita kila nukta inapofika mkao uleule, tuseme kila inapokuwa juu, kosa ni la mitambo. Huenda kuna chembe iliyonasa kwenye jino la gia, mhimili umepinda kidogo, au, kwa vichwa vya mvuke, fimbo zinazounganisha magurudumu zinakaza. Kwenye vichwa hivyo mikono ya gurudumu la kushoto na la kulia hupishana kwa nyuzi 90. Gurudumu moja likiteleza nyuzi chache tu juu ya mhimili wake, fimbo zitakaza katika kila mzunguko, na hakuna kidhibiti duniani kitakachoondoa hilo. Kizuri kitalificha, kwa kusukuma umeme zaidi pale panapokaza, huku mota ikipata moto.

Jaribio lingine la dakika chache: toa umeme kwenye kidhibiti kwa waya mbili moja kwa moja hadi kwenye vituo vya mota, bila kupitia reli. Kwa kichwa chenye dikoda, yaani kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri za dijitali na kuiendesha mota, itenganishe kwanza. Mota na gia zikizunguka kwa ulaini hivyo, lakini kichwa kikasuasua kikiwa juu ya reli, usifungue boksi la gia. Shughulika na njia ya umeme.

Kusafisha na kuongeza vigusio, au kutia kapasita?

Huu ndio uamuzi ninaouona muhimu kuliko yote, na ndio unaofanywa kwa haraka kuliko yote.

Upande mmoja kuna kazi ya mikono. Reli husafishwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti. Kifutio kigumu chenye chembe za kukwaruza husafisha upesi zaidi, lakini huacha mikwaruzo myembamba ambayo baadaye hushika uchafu, kwa hiyo nakitumia pale tu ambapo spiriti imeshindwa, kwa mfano kwenye reli za shaba nyeupe zilizokaa miaka bila kutumika. Reli za zamani za shaba ya manjano zinahitaji kusuguliwa mara nyingi zaidi, maana kutu yake haipitishi umeme vizuri. Magurudumu nayo yasisahaulike: tandika kitambaa chenye spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya mbele ya kichwa juu ya kitambaa na ya nyuma juu ya reli tupu, shikilia kichwa kwa mkono, fungua umeme. Michirizi meusi itakayobaki kwenye kitambaa inatosha kukuonyesha umeme ulikuwa unapita kwenye nini. Halafu geuza.

Kuna sehemu ambayo watu huiruka: mgongo wa gurudumu, kule ndani ambako kibanzi cha shaba kinagusa ili kuupeleka umeme kwenye mota. Grisi iliyotoka kwenye gia hutambaa mpaka pale na kukaa. Gurudumu linang'aa kwa nje, umeme haupiti.

Baada ya usafi huja kuongeza vigusio, yaani vibanzi vinavyookota umeme kwenye magurudumu. Kichwa kidogo cha magurudumu manne kinaokota umeme kwa magurudumu mawili kila upande, na reli isipokuwa sawia kabisa, moja kati ya hayo linaning'inia hewani. Kikipita juu ya pointi ambayo kipande chake cha makutano, pale reli mbili za ndani zinapokutana kama herufi V, ni cha plastiki, linabaki gurudumu moja la kuutegemea upande ule. Kichwa cha dizeli chenye magurudumu nane au kumi na mawili yanayookota umeme hakijui shida hiyo. Kwa hiyo ukiweza kuongeza vibanzi vyembamba kwenye tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya kichwa cha mvuke, au kwenye behewa linaloungwa nacho daima, unakuwa umeongeza magurudumu bila kugusa mota. Kibanzi kiguse kwa wepesi tu. Kikibana sana kinageuka breki, na breki ndiyo adui wa mwendo wa polepole. Magurudumu yaliyovishwa mpira wa kuzuia kuteleza hayaokoti umeme. Kama kichwa kina uzito wa kutosha na mtengenezaji ameuza magurudumu yasiyo na mpira, badilisha.

Pointi zenye kipande cha makutano cha chuma, kinachobadilishiwa umeme na swichi ndogo kila pointi inapogeuzwa, zinazipita za plastiki kwa mbali. Ni kazi zaidi wakati wa kujenga, kwa sababu umeme ukibadilishwa vibaya unapata shoti. Hata hivyo ukijenga njia mpya leo, chagua hizi, hasa kama una vichwa vifupi.

Upande wa pili kuna kapasita. Wazo ni jepesi: hifadhi umeme kidogo ndani ya kichwa, nao uibebe mota pale magurudumu yanapopoteza reli. Ila kuna hesabu ambayo lazima uifanye kabla hujanunua. Chukua mota inayokula ampea 0.15. Kapasita ya kawaida ya maikrofaradi 1,000 ikishuka kutoka volti 13.5 hadi 8 itaiendesha mota hiyo kwa sekunde 0.04 hivi. Kwa mwendo wa kutambaa tuliousema, kichwa cha HO kitakuwa kimesogea chini ya milimita moja. Haifiki popote. Sasa chukua kapasita kubwa tano za faradi 1, kila moja ya volti 2.7, zikiunganishwa kwa mfuatano: unapata faradi 0.2 kwa volti 13.5, na muda unapanda hadi sekunde 7 hivi. Kwa mwendo uleule hizo ni zaidi ya milimita 100, kutosha kuvuka kipande chochote cha plastiki na bado ukabaki na akiba. Kwa hiyo mtu akikuambia ametia kapasita na hakuona tofauti, muulize ni ya ukubwa gani.

Kapasita hizi ni za mfumo wa dijitali. Kwenye analogi volti za reli ndizo amri ya mwendo, na kubadilisha chanya na hasi ndiyo amri ya kurudi nyuma, hivyo kapasita ingevuruga amri zote mbili, na ikiwa ni ya aina yenye chanya na hasi maalumu ingeharibika. Kwenye DCC, mfumo wa dijitali unaotumika sana, reli zina umeme kamili muda wote na amri husafiri ndani yake, kwa hiyo dikoda ina wakati wa kuchaji akiba.

Hasara zipo. Ukikata umeme wa reli kwa dharura, kichwa chenye akiba kubwa kinaweza kuendelea kwenda sekunde kadhaa, mpaka kwenye ukingo wa meza. Dikoda nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha muda huo, uweke mfupi. Pia baadhi ya kapasita huzuia dikoda isisomeke kwenye reli ya kupanga programu, ndiyo maana zile zenye waya wa tatu, unaoiruhusu dikoda kuzisimamia, zinanipendeza kuliko za waya mbili. Na nafasi: ndani ya kichwa cha N mara nyingi haipo.

Hukumu yangu: safisha na ongeza vigusio kwanza, hata kama kapasita iko njiani. Kapasita juu ya magurudumu machafu hufanya kazi kila sekunde badala ya mara moja moja, na siku akiba ikiisha utarudi palepale.

Ukibaki kwenye analogi: vidhibiti vinne

Kidhibiti cha zamani cha rezista ya kuzungusha ndicho kibovu kuliko vyote kwa kazi hii, na sababu yake inaeleweka. Rezista inapunguza volti kulingana na umeme unaopita. Mota inapokwama au kuanza kuondoka huvuta umeme mwingi, kwa hiyo rezista inameza volti nyingi zaidi, wakati uleule mota inapozihitaji. Ukizidi kuzungusha kitufe, mota inajinasua, umeme unashuka, volti zinapanda ghafla, na kichwa kinaruka mbele. Ule mruko ambao wengi wanaulaumu kwenye mota, mara nyingi ni wa kidhibiti.

Cha transista hushikilia volti ulizochagua bila kujali mota inavuta kiasi gani. Hapo tu tofauti ni kubwa. Umeme wake ni laini, mota haipigi kelele wala haipati joto la ziada.

Cha mapigo hutuma umeme kamili kwa vipande vifupi, vingi kwa sekunde, na mwendo hutegemea urefu wa kila kipande. Kila pigo lina nguvu ya kushinda msuguano wa mwanzo, kwa hiyo kichwa cha zamani kizito kinaweza kutambaa vizuri ajabu. Malipo yake ni mngurumo na joto. Mapigo ya polepole, yale ya mara 50 au 60 kwa sekunde yanayotokana na umeme wa ukutani, ndiyo yanayonguruma zaidi.

Cha nne hupima pia. Kati ya pigo na pigo mota inayozunguka inakuwa jenereta, na volti inazozalisha zinaonyesha kasi yake halisi. Kidhibiti kinazisoma na kuongeza au kupunguza umeme ili kasi ibaki ileile kwenye mlima, kwenye kona, hata pale gia inapokaza. Kati ya vidhibiti vya analogi hiki ndicho kinachotambaza vizuri kuliko vyote, kwa masharti mawili. La kwanza, kinasoma mota kupitia reli na magurudumu, kwa hiyo uchafu hukidanganya na kichwa huanza kutikisika. La pili ni la usalama: usikitumie kwenye mota isiyo na kiini cha chuma. Mota hizo ni nyepesi, waya zake ni nyembamba, na mapigo ya polepole yanaweza kuziunguza.

Kama una vichwa vya zamani vingi na huna mpango wa kutia dikoda kila kimoja, nunua cha transista au cha kupima. Ukiwa na mchanganyiko wa mota usiojua zote ni za aina gani, cha transista ndicho salama.

Dijitali

DCC ilitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni ndogo, kiliifanya kuwa kiwango cha pamoja katika miaka ya 1990. Kwa mwendo wa polepole faida yake kubwa iko mahali pamoja: dikoda inakaa sentimita chache kutoka kwenye mota. Inapima kasi kwa njia ileile ya kidhibiti cha nne, lakini inasoma kwenye waya wa mota wenyewe, bila reli wala magurudumu katikati. Mapigo yake pia ni ya kasi sana, maelfu mengi kwa sekunde kwenye dikoda za kisasa, kwa hiyo mngurumo hausikiki na mota zisizo na kiini cha chuma zinakuwa salama.

Hatua za mwendo ni 14, 28 au 128. Chagua 128 bila kusita. Kwa hatua 28 kila hatua ni karibu nusu volti ukiwa na mota ya volti 12, na mrukio huo unaonekana kwa macho kichwa kinapoondoka.

Baada ya hapo mambo ni ya mipangilio ya dikoda, ambayo kila mmoja una namba yake inayoanza na CV. CV2 ni nguvu ya kuanzia, CV5 mwendo wa juu, CV6 wa kati. Nikishusha CV5 na CV6 kwenye kichwa cha kupanga mabehewa, kitufe chote kinakuwa cha mwendo mdogo, na mkono unapata usahihi. CV3 na CV4 huongeza muda wa kuondoka na wa kusimama. Zinapendezesha, lakini haziponyi kichwa kinachokwama. Anayetaka mstari wake mwenyewe anautengeneza kwenye CV67 hadi CV94. CV2 isipandishwe ili kuficha mitambo inayokaza, maana kichwa kitaondoka kwa kuruka, na hilo ndilo ulilokuwa unalikimbia. Kwa dikoda inayopima vizuri, thamani ndogo kabisa inatosha.

Jinsi dikoda inavyopima na kurekebisha hutofautiana kati ya watengenezaji, na hapa ndipo bei inapojieleza. Dikoda za ESU, kwa mfano, zinaweza kujipima zenyewe: unaweka CV54 kuwa 0, unabonyeza kitufe cha F1 kwenye kidhibiti, na kichwa kinaruka kwa kasi kubwa kwa muda mfupi kikijifunza mota yake. Kiwe kwenye kipande kirefu kilichonyooka, na mkono wako uwe karibu. Zimo nao hutumia CV9 na CV56, na mwenye subira hupata matokeo mazuri sana. Dikoda rahisi huwa na kupima kulikowekwa kwa mota ya wastani tu, na kichwa chako kisipokuwa cha wastani hakuna pa kushika.

Mota, gia, flaiwili

Hesabu tena kidogo. Gurudumu la milimita 12 kwenye HO, kwa mwendo wa kutambaa, linazunguka kama mara 25 kwa dakika. Gia ikiwa 15 kwa 1, mota inazunguka mara 380 hivi. Ikiwa 40 kwa 1, inazunguka karibu mara 1,000. Mota ya ncha tatu, yaani yenye vipande vitatu vya chuma vilivyozungushiwa waya, kwenye mizunguko 380 inasikika ikiruka kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu sumaku inaking'ang'ania kila kipande cha chuma kinapopita. Kwa mizunguko 1,000 kuruka kule kunamezwa. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya mota mpya na gia mpya, gia yenye kupunguza zaidi mara nyingi inakupa faida kubwa, na unachopoteza ni kasi ya juu ambayo treni ya mizigo haiihitaji.

Mota ya ncha tano ni bora kuliko ya ncha tatu, na ikiwa mifereji ya chuma chake imekatwa kwa mshazari inakuwa laini zaidi. Isiyo na kiini cha chuma haina hata hilo la kung'ang'aniwa. Inaanza kuzunguka kama inateleza. Ila inataka umeme laini au dikoda ya mapigo ya kasi, na kubadilisha mota ndani ya kichwa kilichokwisha tengenezwa ni kazi ya kupima, kukata na kulehemu. Ndiyo maana naiweka mwishoni.

Flaiwili, lile gurudumu zito kwenye mhimili wa mota, inasifiwa kuliko inavyostahili kwa jambo hili. Nguvu inayohifadhi inategemea mraba wa kasi: mota ikizunguka mara 1,000 badala ya 10,000, flaiwili ina sehemu moja ya mia ya nguvu ileile. Kwenye mwendo wa kati inakuvusha sehemu mbovu kwa uzuri. Kwenye kutambaa haina la kusema.

Betri na redio inaondoa suala zima la reli kushika umeme. Seli tatu za lithiamu hutoa volti 11.1, na kwa vipimo vikubwa, hasa treni za bustanini zinazokutana na mvua na majani, ningeichagua kabla ya kitu kingine. Kwa HO ni ya kubana, na kwa N nafasi ni finyu mno.

Kwa kichwa chako

Kifupi cha magurudumu manne: pointi zenye makutano ya chuma, vigusio vyote visafi, dikoda inayopima, kisha kapasita kubwa. Hapo kapasita inalipa kila senti. Kirefu cha dizeli chenye gia nzuri: dikoda peke yake inatosha, acha kapasita. Cha mvuke: kagua fimbo kwanza, sukuma kichwa kwa mkono juu ya kioo huku gia ya mota imetolewa, na usiendelee mpaka kiteleze bila kukaza popote. Kipya kutoka dukani: kiendeshe nusu saa mbele na nusu saa nyuma kwa mwendo wa kati kabla ya kukihukumu, kwa sababu brashi za mota na meno ya gia bado havijazoeana. Tia tone dogo la mafuta yasiyoharibu plastiki kwenye kila beringi, dogo kweli, la ncha ya sindano, kwani yanayozidi yataishia kwenye migongo ya magurudumu.